Kindu Kuko Nini ya Kuona?

Kila mwaka, wakati promosyo mpya inaingia, kuna swali linarudi kutoka kwa wale wanaotoka Goma, Bukavu ao Kisangani: "Kindu kuko nini ya kuona?" Wanaulizia kanisa la zamani la mawe, msikiti wenye mnara mrefu, ngome, kitu cha kusimama mbele yake na kupiga picha. Na sisi wa hapa tunajibu haraka, tena na haya kidogo: "Kuko mto." Basi mazungumzo yanaishia pale, mgeni anapiga picha ya Lualaba jua likizama, anarudi kwao akisema Maniema haina historia.

Mimi nilisoma agronomi, si historia. Nina lisansi ya udongo na mazao, na kazi yangu ya kila siku ni mpunga, mihogo na miche. Lakini kazi ya shamba inakufikisha mahali ambapo mwenye shamba anakuambia, "Lima huku na huku, ila pale usiguse." Ukiuliza kwa nini, ndiyo historia inaanza. Kwa miaka mitano nimekuwa nikiandika majibu hayo kwenye daftari lilelile la vipimo vya udongo, na leo ninataka kujibu swali la wageni vizuri zaidi kidogo.

Kwanza tuelewane jambo moja. Ukitafuta kuta, hapa utaona vichache. Nchi yetu ilijengwa kwa udongo, miti na majani. Nyumba ya udongo, kwa mvua yetu hii, ikikosa mtu wa kuipaka tena, baada ya misimu michache imerudi kuwa ardhi ya kupanda mihogo. Msikiti wa udongo ni vilevile, kanisa la udongo ni vilevile. Lakini mahali penyewe hapahami. Panashikwa na vitu vingine: jina, makaburi, mti uliopandwa na mtu, na wazee wanaoshusha sauti wakipita. Hivyo ndivyo vya kuangalia.

Tuanze na mji wenyewe. Kindu iko ndani ya bonde la Lualaba: Kasuku na Mikelenge ng'ambo ya kushoto, Alunguli ng'ambo ya kulia, na kati yao mto ambao mpaka leo tunauvuka kwa mtumbwi. Kindu ya leo ni mtoto wa reli na wa bandari. Boti zilitoka Ubundu mpaka hapa, mizigo ikashuka, ikapanda treni. Kufikia 1911 reli ilikuwa imeshafika Kongolo. Ulikuwa mji wa kazi, wenye hangari, gati, na kambi za wafanyakazi walioletwa kutoka pande zote. Ndiyo maana nyumba za ibada za mjini zina umri wa kawaida tu. Dayosisi ya Kikatoliki ya Kindu ilipata cheo hicho mwaka 1959, na kuna makoko (wazee wetu) mtaani waliozaliwa kabla yake. Misikiti ya mitaa imejengwa na kujengwa tena, kila mara na bati jipya. Ukienda siku ya Ijumaa mchana utaona watu mpaka barabarani, na Jumapili utaona watu wa familia zilezile wakielekea kanisani. Kwetu nyumba moja inaweza kuwa na Ramazani na Petero kwenye sahani moja ya sombe. Hilo mgeni huwa halioni, juu halina mnara.

Ndani ya mji kuna mahali pamoja ninapopeleka kila rafiki, na si pa kufurahisha: makaburi ya Tokolote.

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili aina ya C-119 za jeshi la anga la Italia zilitua Kindu. Zilileta mizigo kwa askari wa Malaya waliokuwa hapa chini ya Umoja wa Mataifa. Waitalia walikuwa 13. Kumbukeni wakati ule: Katanga ilikuwa imejitenga, mamluki wa Tshombe walikuwa wakiogopwa kila mahali, na mzungu mwenye sare akishuka kwenye ndege hakuna aliyetaka kusoma bendera begani mwake. Askari wa jeshi la taifa waliokuwa hapa wakawachukua kuwa Wabelgiji. Waliwakuta mezani wakila, wakawapiga, wakawaua. Miili ilipatikana Februari 1962, imefukiwa kwenye makaburi ya Tokolote, ikarudishwa kwao. Leo wanalala Pisa, mji wa kikosi chao, ndani ya jengo la ukumbusho linaloitwa kwa jina la mji wetu. Italia kuna barabara nyingi zinazoitwa kwa wafu wa Kindu. Kwa Mwitalia wa umri fulani, neno "Kindu" halina maana nyingine.

Na sisi? Nimewahi kuuliza wanafunzi 20 hivi katika kozi niliyokuwa nasaidia. Watatu walijua. Mmoja alidhani ni hadithi ya kutisha watoto. Siwalaumu, hakuna mwalimu aliyetufundisha. Lakini ninaona ajabu kwamba kuna watu mbali huko wanaotaja jina la mtaa wetu wakisali, na sisi tunapita pale na pikipiki tukipiga honi. Chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 1 Januari 1962, kwenye mwisho mwingine wa reli yetu, Kongolo, askari waliua mapadri na mabruda 20 wa shirika la Roho Mtakatifu. Reli ile ilibeba mpunga, pamba na chumvi. Ilibeba pia hofu ile. Ukienda Tokolote, nenda bila kelele, salimia watu wa jirani kwanza, na usipige picha ya makaburi ya watu wengine waliolala pale, maana wao nao wana wenyewe.

Sasa tupande mto. Yule anayetaka kujua Maniema ilianza wapi kusali kwa jina la Mungu mmoja, lazima aende kusini, zaidi ya kilomita 200, mpaka Kasongo. Barabara nisiizungumzie, tutalia. Wakati wa kiangazi pikipiki inafika. Wakati wa mvua ni Mungu tu anayejua utalala wapi.

Kasongo ya leo si Kasongo ya zamani. Ile ya zamani watu wanaiita Kasongo-Tongoni, ao Tongoni tu. Neno hilo tulitafakari. Kwa Kiswahili cha pwani, tongo ni mahali palipokuwa na watu, wakahama ao wakafa, pakabaki magofu na majani. Huko Tanga, Tanzania, kuna kijiji kinaitwa Tongoni, chenye msikiti wa mawe uliovunjika na makaburi ya zamani ya Waswahili. Na huku kwetu, katikati ya Kongo, mbali kabisa na bahari, jina ni lilelile. Mimi naona jina hilo lilitolewa na watu waliojua Kiswahili cha pwani na waliokuwa wamekwisha kuona mji wao unakuwa majani.

Mji huo ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, tangu miaka ya 1870. Mfanyabiashara wa pembe na watu. Stanley alikutana naye upande huo mwaka 1876. Mwaka 1887 Leopold akamfanya gavana wa Stanley Falls, mwaka 1890 akaondoka zake kurudi pwani, akamwacha mwanawe Sefu. Halafu vikaja vita kati ya Waarabu na Dola Huru ya Kongo: Nyangwe ilichukuliwa mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili mwaka uleule, Sefu akafa kabla ya mwaka kwisha. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili na akafa kitandani mwake Zanzibar, 1905. Wengi aliowauza hawakupata kitanda.

Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1897, na ndani yake anashangaa kuona Kasongo: maghala yaliyojaa mpunga, na bustani zenye machungwa, mapera, komamanga, mananasi, maembe na ndizi. Mimi nilisoma ukurasa ule kama agronomu, nikacheka peke yangu. Maana kwenye kozi tulifundishwa mpunga wa Maniema kama sura ya pili: Wabelgiji, mazao ya lazima, kilo kwa kila mwanaume. Sura ya kwanza ilirukwa. Mpunga ulikuja na misafara ya pwani. Mwembe vilevile: asili yake India, ukapita bahari, ukapita Tabora na Ujiji, kokwa moja moja ndani ya mfuko wa mtu aliyekula njiani. Kila tunapopika mchele wa harusi tunakula mabaki ya mji ule.

Kuna watafiti, Wakongomani na wenzao wa Ulaya, waliokwenda kupima na kuchimba Kasongo-Tongoni. Kazi yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Antiquity. Hawakuchimba udongo tu, walikaa pia na wazee wakakusanya kumbukumbu. Hilo lilinigusa, kwa sababu mara ya kwanza nilipofika Tongoni nilikuwa kwenye kazi ya kupima mashamba ya mpunga, na mtu aliyenionyesha njia alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe aliyejua kila mti. Nilimuita Papa sheikh, akanikatalia: "Mimi si sheikh, mwanangu. Mimi niko mulinzi tu." Nikamuuliza analinda nini, juu mbele yetu nilikuwa naona majani, mawe machache na miembe mikubwa. Akasema: "Hapa watu walisali. Pale walizikwa. Kule walifungwa minyororo. Yote tatu iko fasi moja." (Fasi, kwa wasiozoea Kiswahili chetu, ni mahali.)

Neno lile, fasi moja, ndilo linaloleta ubishi kila ninapolisimulia. Rafiki mmoja wa promosyo yangu, Mkatoliki, alinikatia: mahali pa watumwa hapawezi kuitwa patakatifu, pataitwa pa aibu. Mwingine, Mwislamu, akakasirika kwa upande wake: kwa nini kila tukitaja Uislamu wa Maniema lazima tutaje minyororo, je, makanisa yanatajwa pamoja na mikono iliyokatwa wakati wa mpira? Wote wawili wana haki ya kukasirika. Lakini wote wawili wanataka kuchagua, na ardhi yenyewe haikuchagua.

Twende mpaka Nyangwe, si mbali na Kasongo, kwenye ukingo wa Lualaba. Livingstone alifika pale mwezi wa Machi 1871. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa ambalo wanawake wa ng'ambo zote mbili walilijia na mitumbwi, na samaki, chumvi, vyungu, kuku. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, mto ukawachukua. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone, mgonjwa na amevunjika moyo, aliacha safari yake akarudi Ujiji. Ndiko Stanley alikomkuta mwishoni mwa mwaka ule, na barua zake juu ya siku ile ziliwachoma watu wa Uingereza kuhusu biashara ya utumwa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Watu wanamjua Livingstone na Stanley na ile salamu yao. Wale wanawake wa Nyangwe hatuna jina lao hata moja. Kwangu mimi ukingo ule wa mto ni mahali patakatifu kuliko makanisa yote niliyoingia, na pale nilipokwenda sikukuta kitu cha kusimama mbele yake. Mto tu, na akina mama waliokuwa wanauza samaki. Soko bado liko. Hilo nadhani ndilo ukumbusho.

Sasa, yule rafiki anayeona aibu tu, kuna jambo analisahau. Waarabu walishindwa 1893, wakaondoka ao wakafa. Dini yao ingepaswa kuondoka nao. Ilifanya kinyume. Waliobaki walikuwa watu wa hapa: waliokuwa watumwa, wapagazi, wake, watoto, askari. Hao ndio walioitwa waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mwungwana, kwa maana ya asili, ni mtu huru. Fikirieni mtu aliyechukuliwa kijijini kwao kwa kamba, halafu baada ya miaka anajiita kwa neno hilohilo linalomaanisha asiye mtumwa, na hakuna tena mtu wa kumkatalia. Wabelgiji waliuogopa Uislamu huo. Misaada ya shule ilikwenda kwa misheni, na mtoto wa Mwislamu aliyetaka kusoma mara nyingi ilibidi apitie kwa mapadri. Chuo cha Kurani kilibaki barazani kwa mwalimu, watoto wamekaa kwenye mkeka, ubao wa mti, wino wa masizi. Tarika ya Qadiriyya nayo ikaingia kutoka upande wa Ujiji, na zikri zake za usiku zikawatia wasiwasi wakubwa wa wilaya. Mahali pa kwanza pa ibada ya Kiislamu ya watu weusi wa Maniema palikuwa baraza, ao kivuli cha mwembe. Ndiyo maana msikiti wa kale mnaoutafuta hamuuoni.

Na kabla ya hao wote walikuwako wenye nchi. Upande wa Pangi, kwa Warega, kulikuwa na Bwami, shirika la kupanda ngazi za hekima, mwanaume na mke wake pamoja, mpaka ngazi ya juu inayoitwa kindi. Serikali ya kikoloni iliivunja kwa amri mwaka 1948. Vinyago vyake vidogo na sanamu zake za pembe sasa viko nyuma ya vioo huko Tervuren, New York na kwingineko. Anayetaka kuvisoma anahitaji viza. Kilichobaki Pangi ni methali, nyimbo, na wazee wanaokuangalia muda mrefu kabla ya kukujibu. Mimi si mtu wa kule na sikuingizwa, kwa hiyo naishia hapo. Yule wa promosyo yetu ambaye babu yake alikuwa kindi, kalamu ni yako.

Narudi Kindu, ng'ambo ya Alunguli, juu kuna jambo lililonifanya niandike haya mwezi huu na si mwaka ujao.

Kuna kiwanja pale chenye miembe mitano. Chini yake kuna makaburi ya wazee Waislamu wa mtaa, hayana saruji, ni mawe ya kichwa na miguu tu, mengine yameshazama. Zamani, kabla ya msikiti wa matofali kujengwa karibu na njia, watu walisalia Idi chini ya miembe hiyo. Familia moja yenye karatasi za kiwanja ilitaka kukigawa parseli na kuuza. Sisemi ni wabaya: wana watoto wanaosoma, na parseli Alunguli imepanda bei. Wazee wa mtaa walikataa. Chifu wa mtaa akasema miti imezeeka, imekufa, ni hatari kwa nyumba, ikatwe. Makaburi yatazungushiwa ukuta kidogo. Wakaamua kumwita mtu wa fakilte aseme kama miti imekufa ao bado. Mtu huyo nikawa mimi.

Nilivuka na mtumbwi asubuhi, na kisu, kamba ya kupimia na daftari. Nilipima shina moja moja kwenye kifua. Mwembe wa ukanda wetu hauna majira makali ya kuuandikia miaka waziwazi ndani ya mti kama miti ya Ulaya, kwa hiyo sikuweza kuwapa mwaka wa kupandwa, na niliwaambia hivyo hivyo. Lakini mwembe unaweza kupita miaka 100 ukiwa unazaa. Miti miwili ilikuwa na tundu kubwa katikati ya shina, na juu imejaa ule mti mwingine ambao ndege huuleta, unaoota kwenye tawi na kunywa maji ya mwenyewe. Mitatu ilikuwa mizima. Hata ile miwili, nilipokwangua ganda, chini palikuwa pabichi.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akifagia karibu na makaburi aliniuliza kwa sauti ya chini: "Unasema nini, mwana? Iko hai?" Nikamjibu, "Koko, iko hai." Akasema tu, "Sisi tulijua," akaendelea kufagia.

Niliandika ukurasa mmoja: mitano yote hai, miwili inahitaji kukatwa matawi yaliyokufa na kusafishwa, hakuna sababu ya kilimo ya kuiangusha. Niliisoma mbele ya wote, chifu akiwemo, na familia ile ikiwemo. Hawakufurahi. Wiki tatu baadaye ile miwili yenye matundu ilikatwa usiku, mbao na kuni zikaenda, na asubuhi hakuna aliyeona mtu. Mitatu imebaki. Mpaka sasa parseli hazijauzwa, na kesi iko bado mezani mwa wakubwa wa komini.

Mtu anaweza kusema ni maembe tu. Lakini angalieni hesabu yetu: kuta hatuna, vinyago vimekwenda, vitabu vimeandikwa na wengine. Kama kinachoonyesha kaburi la babu yako ni mti, basi msumeno mmoja usiku mmoja unafuta msikiti.

Huko Ujiji, pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone akitoka Nyangwe, mwembe waliokutania chini yake ulikufa zamani. Kuna miembe miwili leo, na watunzaji wa pale wanasema imetokana na ule wa kwanza kwa kubebesha. Wale wa agronomi mnajua: unachukua kijiti cha tawi la juu, unakifunga kwenye mche mchanga, kikishika, mti mpya unakuwa ndio mti wa zamani, damu moja. Nilipovuka siku ile nilikuwa nimekata vijiti 12, vitatu vitatu, kwenye miti minne tu, maana mmoja haukuwa na tawi ninalolifikia. Niliviweka ndani ya kitambaa kibichi nikavibebesha jioni ileile nyumbani Mikelenge. Vimeshika vitano. Viwili kati ya hivyo vimetoka kwenye mti ambao sasa haupo.

Kwa wanaotaka kwenda: mtumbwi wa Alunguli unapatikana asubuhi mpaka jioni kwenye ukingo, ulizeni "miembe ya Idi" na mtaonyeshwa. Salimieni wazee kabla ya kuingia kivulini, vueni viatu mkikaribia mawe. Msimu wa maembe ukifika mtaruhusiwa kuokota yaliyoanguka, si kupiga mti. Na kama kijijini kwenu kuna fasi mnayoambiwa msilime, niandikieni jina lake, jina la mti unaosimama pale, na nani aliwaambia. Vijiti nitakuja kukata mwenyewe kiangazi hiki, pikipiki ikipona.